Mikono Yangu Chini ya Presi ya Shabani

Siku mliyoniaga mlinipa maikrofoni, nikasema asanteni, nikarudi kukaa. Niliziona nyuso zenu. Mlikuwa mmejiandaa kwa hotuba, na wengine mlishazima redio kabisa. Mniwie radhi. Mtu aliyemaliza miaka yake ya kazi karibu na chuma kinachogonga huzoea kusema neno moja na kuondoa mkono. Lakini tangu nianze kushinda nyumbani mikono hainitulii. Nimefagia ua mpaka jirani kaniuliza kama nina ugeni. Basi nimeona niipe kazi ya kuandika yale ambayo ningeyasema siku ile kama ningekuwa msemaji. Ya vyeo na mishahara nayaruka. Vyeo karakana yetu haikuwahi kuwa navyo vingi, na mishahara mnaijua wenyewe.

Ninyi mmeikuta presi ya kubonyeza kitufe. Ile ya mkono, iliyosimama karibu na mlango, mnaitundikia makoti. Kwetu sisi ndiyo ilikuwa karakana yenyewe. Juu ina mkono mrefu wa chuma uliolala, na kila ncha ya mkono ina kichwa cha chuma, mviringo, mzito kama mtoto anayeanza kutembea. Ukiuvuta mkono ule, unazunguka, na skurubu nene iliyo katikati inashuka na kuikandamiza chapa kwenye ngozi. Uzito wa vile vichwa ndio unaofanya kazi. Mtu anaanzisha tu. Ndiyo maana mkono ukishauachia huuiti ukarudi.

Nilishuka kutoka vilimani, juu ya Mkuyuni, nikiwa msichana, nimefuatana na Mjomba Rashidi, kaka yake mama. Mjomba alikuwa akimletea Bwana Murtaza karafuu na pilipili manga kwa ajili ya duka la mbele, na karakana ya ngozi ilikuwa nyuma ya duka, pale pale Mwembesongo mnapopajua. Babu yake Bwana Murtaza ndiye aliyetoka India; yeye mwenyewe alizaliwa Morogoro na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu. Mimi bado nilikuwa navuta maneno kama mtu wa mlimani. Hakunitazama usoni. Alinitazama mikono, akasema vidole vyote vipo, nianze. Nilidhani ananitania.

Fundi wangu alikuwa Mzee Salehe. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kuigusa presi; alinifundisha maji. Ngozi ya kugonga chapa ni ile iliyoivishwa kwa magome ya miwati, na haigongwi ikiwa kavu, wala haigongwi ikiwa inatota. Unailowesha, unaiacha ipumzike, rangi yake ya juu inaanza kurudi huku ndani bado kuna ubaridi. Mzee Salehe aliipima kwa shavu. Aliniwekea kipande shavuni, akaniuliza ninasikia nini. Nikasema baridi. Akasema bado, akaondoka. Baadaye akakirudisha, nikasema baridi kidogo. Akasema sasa, na uwahi, kwa sababu ngozi haimsubiri mtu. Chapa nayo ilipashwa kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa vuguvugu, si moto. Ikizidi, ngozi inasinyaa na mkanda mzuri unageuka kuwa kitu cha kufungia mbuzi.

Kisha akanifundisha presi. Ile kubwa ilihitaji watu wawili. Mmoja ni mwekaji: anaiweka ngozi chini ya chapa, anainyoosha, anatoa mikono, anasema "haya". Wa pili ni mvutaji: akisikia neno hilo anauvuta mkono. Mwekaji hamwoni mvutaji, maana macho yako kwenye ngozi. Mvutaji naye haioni ngozi vizuri, maana kifua cha mashine kimemkinga. Wanaunganishwa na lile neno tu. Mimi nikawa mwekaji, Mzee Salehe mvutaji, na kwa miaka kadhaa tukagonga mikanda, pochi, makubazi na mikoba ya akina mama bila kupoteza hata ukucha.

Kifua kilipoanza kumsumbua, Mzee Salehe akahamia meza ya kukata, na Mjomba Rashidi akaja tena kwa Bwana Murtaza, safari hii na mwanawe. Huyo ndiye Shabani. Wengi wenu mmemkuta amekwisha kustaafu, mnamjua kwa jina tu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mikungu ya ndizi kuteremka mlima tangu utotoni. Akawa mvutaji wangu. Mimi mtoto wa dada, yeye mtoto wa kaka, na kwetu watu wa namna hiyo hutaniana bila mpaka. Badala ya Zainabu aliniita Zena, akanitania kwamba nitazeeka nikipapasa ngozi za ng'ombe. Nami nikamwambia kwamba Mungu alimpa mabega akasahau vingine. Bwana Murtaza alizoea kutoka dukani kuja kutuuliza kama tunalipwa kucheka.

Halafu Mjomba Rashidi akafariki.

Wasio Waluguru lazima niwaeleze hapa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba la ukoo halimfuati mtoto wa baba. Mwanamume akifa, shamba linarudi kwa watoto wa dada zake. Mjomba Rashidi alikuwa amepanda mikarafuu na pilipili manga kwenye mteremko wa ukoo wetu, na aliyepalilia naye miaka yote ni mkewe, na aliyebeba miche mgongoni ni Shabani. Kwa mila, siku tulipomzika, shamba lile lilikuwa letu: langu mimi na ndugu zangu. Shabani na mama yake, kwa mila, walikuwa wageni.

Zamani mambo kama hayo yaliamuliwa kwa upole, mjane akaachiwa achume mpaka achoke. Lakini mkubwa wa ukoo wetu wakati huo alikuwa Mjomba Athumani, mdogo wake marehemu, na Mjomba Athumani hakuwa mtu wa upole. Hata arobaini haijapita alimwambia mama Shabani asimamishe kuchuma. Shabani akapeleka shauri baraza la kata. Shauri likavuta miezi.

Miezi hiyo ndiyo niliyotaka kuwaeleza.

Hatukugombana. Ingekuwa heri tungegombana. Asubuhi ya kwanza baada ya shauri kufunguliwa, Shabani aliingia, akawaamkia wakubwa, kwangu akapita kama anapita mlango. Utani ukafa siku hiyo. Hakukuwa na salamu, hakukuwa na kuombana maji. Neno pekee lililobaki kati yetu ni "haya", na hilo nililisema mimi, yeye alijibu kwa kuvuta.

Mjue kukaa pale kulivyokuwa. Ninaweka ngozi, mikono yangu miwili iko chini ya chapa, na nyuma ya kile chuma amesimama mtu ambaye ndugu zangu wanamnyang'anya alichokipanda na baba yake. Sikuwa nimemfanyia neno lolote. Lakini jina langu lilikuwamo miongoni mwa majina ya watakaochukua, na yeye alijua. Nilianza kuisikia pumzi yake. Nilijua akivuta hewa yuko tayari, akiishusha bado. Nilianza kutoa mikono mapema mno, ngozi zikatoka chapa imekwenda upande, Mzee Salehe akawa ananirudishia vipande bila kusema kitu, anavipanga tu mbele yangu.

Karakana nzima ilijua. Mafundi wa kushona waliacha cherehani mara kwa mara bila sababu, nikiinua macho nakuta wanatutazama. Siku moja Bwana Murtaza aliniita dukani, akashusha sauti, akaniuliza kama ningependa kukaa meza ya kukata mpaka shauri liishe. Nilikataa. Sikukataa kwa ushujaa, msinisifu. Nilifikiri hivi: nikiondoka pale, nitakuwa nimesema mbele ya watu wote kwamba Shabani ni mtu wa kumvunja mwenziwe mikono. Neno kama hilo likitoka halifutiki, na mimi sikuwa na hakika nalo. Hofu nilikuwa nayo. Hakika sikuwa nayo.

Basi nikawa namchunga. Kila asubuhi mvutaji ndiye anayeifunga chapa mahali pake na kuikaza kwa skurubu ya ubavuni. Ilikuwa kazi yake, hakuna aliyekuwa akiitazama. Mimi nikaanza kuitazama. Nilijifanya naloweka ngozi, huku nahesabu jinsi anavyozungusha spana. Kama unavyomtazama nyoka aliyelala: humwulizi kitu, lakini humwondolei macho.

Hukumu ikatoka siku ya soko. Baraza likasema shamba ni la ukoo. Jioni hiyo hiyo habari zikafika mjini, na usiku sikulala vizuri. Asubuhi tulikuwa na kazi ya haraka, mikoba ya wageni wa mkutano kule Mzumbe, na Bwana Murtaza alikuwa ameahidi. Nilifika mapema nikitumaini Shabani hatakuja. Alikuwa ameshafika. Jiko lilikuwa limewaka, chapa iko juu yake.

Nilimtazama akiipima joto. Nilimtazama akiipandisha, akaishikilia kwa kitambaa, akaingiza skurubu na kuikaza kwa spana mpaka mkono wake ukatetemeka. Akaiweka spana chini. Kisha akaiokota tena, akakaza mara ya pili. Halafu akaishika ile chapa kwa kidole na gumba, akaitikisa, ikatulia kama imeota pale. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa namwogopa.

Tukaanza. Haya, anavuta. Haya, anavuta. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mkono ulikuwa ule ule, haukuzidi wala kupungua. Mpaka karibu na adhuhuri mikoba ilikuwa imejaa meza, na hofu yangu ilianza kushuka, maana hata hofu huchoka.

Niliweka kipande, nikakinyoosha, nikaanza kutoa mikono, nikasema haya. Wakati huo huo chapa ikachomoka. Ilianguka upande kwa kishindo, ukingo wake ukatua kwenye kishikizo cha mkono wa koti langu la kazi na kukibana kwenye meza ya presi. Nikavuta, koti halikutoka. Kiganja changu cha kulia kilikuwa bado chini, na mkono wa presi ulikuwa umeshaachiwa.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Nadhani hapakuwa na muda. Nilichosikia ni Shabani akisema "Zena", polepole, kama mtu anayekumbuka jina, halafu sauti ya kitu kilichogonga nyama. Skurubu ikasimama juu ya kiganja changu. Kati ya chuma na ngozi ya mkono ingepita sarafu, isingepita zaidi.

Ule mkono wa presi hauzuiliki kwa mikono. Alikuwa ameingiza bega lake kwenye njia ya kile kichwa cha chuma, upande wa pili, kilipokuwa kinakuja na nguvu zote. Nilipogeuka alikuwa ameegemea mashine, uso umekuwa wa rangi ya majivu, bega la kushoto limeshuka chini kuliko linavyopaswa. Mzee Salehe alikuja na mkasi akakata koti langu. Bwana Murtaza alitoka mbio dukani, akaona, akarudi kuchukua funguo za gari.

Nilikaa nyuma ya pikapu pamoja naye, nimemshikilia asiyumbe. Kila shimo la barabara lilimtoa jasho. Tulipokuwa karibu kufika hospitali alifungua macho.

"Mkono wako?" aliniuliza.

"Mzima."

Akafumba macho tena. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza tangu shauri lilipofunguliwa.

Mfupa ulikuwa umevunjika vibaya, na madaktari walisema bega halitarudi kama lilivyokuwa. Mzee Salehe alirudi karakana, akaifungua ile skurubu ya ubavuni inayoshika chapa, akaionesha kwa kila aliyetaka kuona. Meno yake ya ndani yalikuwa yamelika kwa kupashwa na kupoa miaka yote hiyo. Asubuhi ikiwa na joto inashika, mchana ikipoa inaachia. Skurubu iliyolika namna ile hata ukaze kwa nguvu za punda haikusaidii. Bwana Murtaza alinunua nyingine siku hiyo hiyo, na tangu hapo ndipo ikawa desturi mnayoilalamikia, ya kukaza chapa kila mnapopumzika. Sasa mnajua ilikotoka. Msiiache.

Lakini habari ilishapanda mlima kabla ya skurubu kufunguliwa, na ilipanda vingine. Siku ya tatu Mjomba Athumani alinijia nyumbani. Nilimwamkia, nikampa kiti, akakataa chai. Alinishika ule mkono wa kulia, akaugeuzageuza kama anayenunua kitu.

"Nani hukaza chapa asubuhi?" aliuliza.

"Shabani, mjomba."

"Na siku ile?"

"Siku ile pia."

"Basi umeshasema yote. Jumamosi wazee wanakaa. Utasema hayo mawili mbele ya watu, na uishie hapo hapo."

Nilianza kumweleza habari ya meno ya skurubu. Akanizuia kwa kiganja. Alisema yeye si fundi wa vyuma. Alichokijua ni kwamba kijana amepoteza shamba jioni, na asubuhi yake mkono wa mpwa wake ukataka kusagwa. Kwa hilo, mama wa kijana hana sababu ya kuendelea kulala kwenye nyumba iliyo juu ya ardhi ya ukoo. Alilisema bila hasira. Nadhani aliliamini. Mtu akishataka kitu kwa muda mrefu, ushahidi huanza kumtembelea wenyewe.

Kutoka siku hiyo mpaka Jumamosi nilikuwa na shida zaidi kuliko nilivyokuwa chini ya presi. Mjomba kwetu si mtu wa kubishana naye. Ndiye aliyepokea posa yangu, ndiye atakayesimamia mazishi yangu kama nitatangulia. Na alichoniomba hakikuwa uongo. Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli. Shabani ndiye aliyekaza. Ningeweza kuyasema nikakaa chini, na hakuna mtu angeniita mwongo.

Nilipanda gari mpaka Mkuyuni, nikapanda mlima kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu umeshika viatu. Wazee walikuwa wamekaa barazani kwa Mjomba Athumani, na upande mmoja alikaa mama Shabani, kajifunika kanga mpaka kichwani, na pembeni yake Shabani, mkono umefungwa kifuani. Sikutarajia kumkuta. Alikuwa ameteremka gari la asubuhi na kupanda ule mlima na bega lile.

Mjomba alieleza, kisha akaniita. Nikaulizwa nani hukaza chapa. Nikasema Shabani. Nikaulizwa siku ile nani aliikaza. Nikasema Shabani. Mjomba akageuka kuwatazama wazee, akaanza kuzungumza.

"Sijamaliza, mjomba," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini pale barazani ilisikika.

Nikawaambia nilimwona akiikaza. Nikawaambia alikaza mara mbili, akaitikisa kwa vidole, ikatulia. Mzee mmoja akaniuliza ilikuwaje nikaona yote hayo wakati nina kazi yangu ya kufanya. Swali lilikuwa la haki. Na jibu lake sikuweza kulitoa bila Shabani kulisikia.

"Nilikuwa namwangalia kila siku," nikasema, "kwa sababu nilidhani ataniumiza."

Shabani hakuinua kichwa. Mama yake ndiye aliyenitazama, na mpaka leo macho yale ninayo. Nikaendelea kwa sababu kunyamaza pale kungekuwa kubaya zaidi. Nikasema skurubu ilikuwa imekwisha meno, karakana nzima imeiona. Nikasema bega lile lilivunjika kwa kuwa aliliweka mwenyewe kwenye njia ya chuma, ili mkono huu ubaki. Nikauinua wauone. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu, nikaongeza: sehemu yangu ya shamba, mimi naomba mama Shabani aendelee kuichuma maisha yake yote.

Mjomba Athumani aliniuliza mimi ni wa ukoo gani.

"Wa mama yangu," nikamjibu. "Na kaka yake mama yangu ndiye aliyepanda ile mikarafuu."

Wazee walizungumza mpaka jua likaanza kurudi nyuma ya mlima. Aliyelimaliza neno alikuwa Bibi Mwanamvua, dada yake bibi yangu, mkongwe kuliko wote pale, ambaye tulidhani amesinzia. Alisema shamba ni la ukoo na litabaki la ukoo, hilo baraza limeshasema. Lakini mjane hatolewi nyumbani kwa sababu ya skurubu. Akae, achume sehemu ya Zainabu, na atakapokufa ardhi itarudi. Hakuna aliyefurahi sana. Shabani hakulipata shamba la baba yake, na mjomba hakuipata ile nyumba. Mimi nilipata miaka minne ya kumwamkia mjomba wangu bila kuitikiwa, na alipougua mwishoni, kina dada zangu ndio walioitwa.

Wakati tunateremka, Shabani alitembea mbele yangu mpaka Mkuyuni. Nilifikiri hatasema nami tena.

Alikaa nje ya kazi muda mrefu. Mimi nilihamia kwenye uvutaji, kwa kuwa Mzee Salehe hakuwa na kifua na mafundi wa kushona walikuwa wanaiogopa presi kama jini. Mzee Salehe akawa anaweka ngozi, anakohoa, tunaendelea. Nilijifunza kwamba kazi ya kuvuta si ya mabega tu. Ni ya miguu na kiuno, na ya kujua lini uache.

Kisha siku moja Shabani akaingia mlangoni. Bega lilikuwa limepona kwa namna yake. Mkono wa kushoto ulipanda mpaka usawa wa kifua, hapo unakwama. Bwana Murtaza alimkaribisha kwa furaha ya kweli, halafu akaanza kuhangaika, maana mvutaji asiyeinua mkono ni wa kufanya nini? Akataja kazi ya dukani, kupanga na kupokea mizigo. Shabani alimshukuru. Akasema yeye anaona aweke ngozi.

Cherehani zote zilinyamaza. Bwana Murtaza alinitazama mimi, siyo yeye. Mzee Salehe akainuka kutoka kiti cha mwekaji bila kuombwa, akajipangusa mikono, akaenda zake kwenye meza ya kukata.

Shabani akakaa. Nilikuwa nimeshaikaza chapa, lakini nilirudia kuikaza. Akachukua kipande cha mkanda kilicholoweshwa, akakigusisha shavuni kama tulivyofundishwa sote, akakiweka chini ya chapa na kukinyoosha kwa ule utaratibu wake, bila haraka. Nilishika mkono wa presi. Sikuwa namwona uso, kifua cha mashine kilikuwa kimenikinga. Nilichokiona ni ncha za vidole vyake tu, vikitoka.

"Haya," akasema.

Sikuvuta. Miezi yote ile nilidhani mwenye hofu ni aliyeweka mikono chini, na mvutaji ana nguvu zake tu. Sasa nilisimama pale nimeshika uzito wote ule, nyuma yake kuna vidole vya mtu ambaye nilisema mbele ya mama yake kwamba namwogopa, na nikaona kwamba sijui lolote kuhusu alichokuwa akikibeba kila siku upande huu wa mashine.

Alingoja. Kisha akainama pembeni mpaka nikamwona jicho moja.

"Vuta, Zena," akasema. "Ngozi inakauka."

Nikavuta.